Nyanya Zilizoiva Mwezi wa Mei

Sariqsoy, 4 Machi 1984

Kwa mwanangu Hamdam,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, za mdogo wako Nazokat, na za ami yako Tursun ambaye amekaa hapa mlangoni anakunywa chai yangu na kuniamuru niandike nini. Hujambo? Unashiba? Unalala mahali pakavu? Sisi huku wazima, hofu ni kwako.

Miezi minne imepita tangu jeshi likuchukue na bado sijui uko wapi. Kwenye bahasha yako kuna namba tu. Nimemuuliza Mzee Eshmat wa posta namba hiyo ni ya mji gani, akasema namba za jeshi hazina mji. Basi naandikia namba, kama mtu anayeandikia mlango wa ghala.

Mkate wako uko ukutani. Ule uliouuma asubuhi ya kuondoka nimeufunga kwa kitambaa cheupe nikautundika juu ya mlango wa chumba kikubwa. Kila anayeingia namwambia asiuguse. Siku ya kurudi utaumaliza mwenyewe, kama baba yako, Mungu amrehemu, alivyoumaliza wake. Ila ulinikera. Nilikwambia uume vizuri, ukadonoa kama kuku.

Jana nimesia mbegu. Makopo kumi na mawili yamejaa dirishani, Nazokat analalamika kwamba chumba kinanuka samadi. Ni zile zile za bibi yako, alizoingia nazo nyumba hii akiwa bibi harusi, zimefungwa kwenye pindo la mtandio. Ami yako alileta pakiti ya dukani yenye picha nzuri. Nimemshukuru na pakiti nimewapa majirani. Nyanya za dukani ni ngumu kama magoti yake. Mimi nataka zetu, za waridi, zenye mabega ya kijani na nyufa, moja inajaza mikono miwili na ukiikata ndani ni nyama tupu.

Swali langu ni moja: mwaka huu nani atakata kachumbari? Harusi zote za mtaa walikuwa wanakuita wewe. Ulikata nyanya nyembamba hadi ukilaza kipande juu ya gazeti mtu anasoma. Baba yako alikuwa akisema mkono wako wa kulia una macho. Ami yako amejitolea kushika kisu na mimi nimemwongezea chai.

Andika uko wapi. Hata ukiniambia ni pabaya, nitalala vizuri kuliko sasa.

Mama yako


9 Mei 1984

Mama yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, Nazokat na ami. Mimi mzima wa afya, nala vizuri, nimenenepa hata mkanda umepungukiwa tundu. Usiwe na hofu.

Niko Mongolia. Usishtuke, ni mbali lakini ni shwari kabisa. Baridi tu ndiyo adui yetu. Upepo unavuma kutwa na tunavaa makoti mazito. Tena wameniweka jikoni, kwa hiyo niko karibu na moto muda wote. Walituuliza nani anajua kushika kisu, nikanyoosha mkono, na tangu siku hiyo kazi yangu ni kukata viazi na kabichi za askari mia mbili.

Nina rafiki hapo jikoni, anaitwa Yuldash, mtoto wa mji wa Chust. Ukoo wao wote ni wahunzi wa visu, na mdomo wake nao umenolewa. Nikisema kwetu Parkent kuna nyanya nzuri, anasema ndiyo, lakini hamna cha kuzikatia, ndiyo maana mnaziuma kama matufaha.

Juzi alipata nyanya sokoni, zimeiva kweli kweli, akazificha ndani ya kofia. Tumezikata na kitunguu na pilipili, tukala na mkate wa moto. Ngozi yake nene na ndani maji matupu, si kama zetu, lakini nilifumba macho nikajiona niko uani. Mama, nitumie mbegu chache. Yuldash haamini kwamba nyanya inaweza kuwa na nusu kilo.

Mwanao


Sariqsoy, 30 Mei 1984

Mwanangu Hamdam,

Salamu nyingi. Nashukuru umezima wasiwasi wangu mmoja, ingawa umeuwasha mwingine. Sisi wazima, hofu ni kwako.

Nilifurahi kusikia Mongolia. Nilikimbia na barua yako kwa Mwalimu Ergash, maana yeye alipita kule enzi za vita na Wajapani. Nilimuuliza kunakuwaje mwezi wa Mei. Akasema, "Bi Salomat, Mei sisi tulikuwa tunavunja barafu kwa shoka tupate maji ya chai." Nikauliza nyanya je. Alicheka mpaka akakohoa.

Mimi nalima nyanya tangu nina miaka saba. Huku kwetu, penye jua hili lote, leo miche yangu ndiyo kwanza imeanza kutoa maua. Sasa niambie ni Mongolia gani yenye nyanya mbivu sokoni mwanzoni mwa Mei. Usiniambie. Nilifikiri nikiwa kwenye tuta, na nilipoelewa nikakaa chini pale pale juu ya udongo, Nazokat akadhani nimepigwa na jua. Ni kusini, ng'ambo ya mto, kule vitani wanakokwenda wana wa watu na watu hawataji.

Usiandike kitu. Barua zinapita mikononi mwa wengi. Wewe endelea kukaa Mongolia, na mimi nikiulizwa nitasema Mongolia, tena nitasema kuna baridi. Lakini mwanangu, naogopa. Nilitaka nikuandikie kishujaa na kalamu imekataa.

Mbegu hizi hapa, tisa, zimegandia kwenye kipande cha gazeti jinsi nilivyozianika. Usizibandue, zika gazeti lote. Na nisikilize vizuri. Kwa baridi kali kama hiyo ya kwenu, usisie sasa, zitaungua. Ngoja mwanzo wa Julai, uzifunike kwa kitambaa mchana, ili matunda yaje Oktoba joto likipungua. Vichipukizi vya kwapani uving'oe vyote. Na maji ni jua likishazama tu, kamwe usimwagilie mchana. Maji ya mchana yanachemka kwenye mizizi.

Vaa kofia yako ya chuma huko kwenye theluji.

Mama yako


22 Julai 1984

Mama,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeelewa kwamba umeelewa. Nazokat asijue, atalia shuleni na shule nzima itajua. Mongolia mwaka huu kumekuwa na joto, hata wenyeji wanashangaa.

Mbegu saba zimeota kati ya tisa. Tumezisia kwenye masanduku ya mbao yaliyobaki ya jeshi, tumeyajaza udongo na samadi ya punda, tukayapanga nyuma ya jiko kando ya ukuta. Sajini aliuliza ni nini, Yuldash akamjibu ni dawa ya tumbo. Zamu za kumwagilia tumegawana. Leo mimi, kesho yeye, jua likishazama kama ulivyoagiza, ndoo moja tunaitoa kwenye tangi ng'ambo ya uwanja.

Yuldash ameandika kwa baba yake anitengenezee kisu. Anasema huwezi kumpa mtu wa Parkent nyanya ya nusu kilo na kisu cha jeshi, ni kama kumpa farasi na kamba ya mbuzi.

Mwanao


Sariqsoy, 20 Agosti 1984

Mwanangu Hamdam,

Salamu kutoka kwetu sote, na mpe salamu Yuldash, mwambie mama wa Parkent ameusikia mdomo wake. Sisi wazima, hofu ni kwako.

Nyanya zimekuja zote kwa wakati mmoja kama wageni wasioalikwa. Tunakula asubuhi na mayai, mchana kwenye supu, jioni na pilau. Zilizopasuka nimezisaga, nimechuja mbegu, na rojo liko juu ya paa kwenye mabeseni manane, likaukie juani. Nazokat analikoroga huku amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya nyigu. Zile nzuri tatu, za shada la pili, nimezifunga uzi mwekundu ziwe za mbegu. Ami yako ameulizwa mara mbili kama ameona uzi, na mara mbili amekula niliyoifunga. Imebaki moja, na mimi nalala na jicho moja kwake.

Jumapili alikata kachumbari kwenye harusi ya binti wa Bi Hosiyat. Vipande vinene kama soli. Wazee walitafuna wakitazamana, na mmoja akauliza, "Hamdam anarudi lini?" Niliingia jikoni nikakaa huko mpaka wakaenda.

Nitakuambia jambo, kisha nitalinyamazia. Wiki iliyopita kijiji cha juu ya kilima kimempokea mwana wao ndani ya sanduku lililochomelewa, nao hawakuruhusiwa kulifungua. Tumekwenda sote. Mama yake ameushika mkate wa kijana wake kifuani, ule wa ukutani, na hakuna aliyethubutu kuuchukua.

Tangu siku hiyo Mzee Eshmat ana desturi mpya. Akiwa na barua ya askari anaipandisha juu ya kichwa tangu kwenye kona, ili mama aione ni bahasha kabla moyo haujasimama. Mkono wake ukiwa chini naacha ninalofanya nasimama mlangoni mpaka apite, hata kama amebeba gazeti tu.

Angalia nyuma yako unapokwenda.

Mama yako


7 Oktoba 1984

Mama,

Salamu na heshima. Mzima kabisa.

Nakuandikia upesi kwa furaha. Tunda la kwanza limeiva. Juzi usiku wa zamu yangu lilikuwa bado kijani mabegani, leo limegeuka, na Yuldash alilipima kwa mizani ya jikoni: gramu mia nne na themanini. Hatukuweza kungoja. Nimekata mimi, kwa kisu cha jeshi, na bado gazeti lilisomeka. Kitunguu, chumvi, hakuna kingine. Tulikula bila kusema neno, na wewe hujui Yuldash kunyamaza ni kitu gani. Mbegu zake nimezianika kwenye gazeti.

Yamebaki kumi na moja. Yuldash anataka kuandika chini hapa, nimemkatalia lakini ameninyang'anya.

Mwanao

*Mama, shikamoo. Mwanao anatia chumvi kwenye maneno kuliko kwenye nyanya. Zinalika. Siyo mbaya kwa watu wa milimani kama ninyi. Yuldash wa Chust.*


Sariqsoy, 11 Novemba 1984

Mwanangu,

Salamu. Nimeicheka barua yenu, na mwandiko wa Yuldash ni mzuri kuliko wako, mwambie.

Lakini ni wiki tano sasa tangu uiandike. Nilidhani kwa furaha ile ungeandika tena upesi. Nimehesabu kwamba yale kumi na moja yameshaiva yote. Nijulishe yalikuwaje. Sisi wazima. Hofu ni kwako.

Mama yako


Sariqsoy, 20 Desemba 1984

Hamdam,

Sina habari zako. Mzee Eshmat amepita mara nane mkono ukiwa chini. Ya tisa alizunguka kwa nyuma, kwenye njia ya mfereji, ili nisimwone. Nilimwona.

Andika hata neno moja. Kama hutaki kuandika habari, andika "nyanya."

Mama yako


14 Januari 1985

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, samahani kwa kuchelewa. Nimeungua vidole kwa supu jikoni, si kitu, kwa hiyo Yuldash ananiandikia huku mimi nasema. Hapa pana kazi nyingi. Nyanya zilikuwa nzuri, tulizimaliza. Nisalimie Nazokat na ami. Usiwe na hofu.

Mwanao


Sariqsoy, 3 Februari 1985

Mwanangu Hamdam,

Nilipoona bahasha juu ya kichwa cha Mzee Eshmat nilikimbia bila viatu kwenye theluji. Alhamdulillahi u hai. Nimeibusu karatasi, kisha nikaisoma, kisha nikaketi.

Pole kwa vidole. Ungeweka rojo la nyanya kwenye kidonda, lakini wewe unajua.

Nitakuuliza machache na usinijibu kama huwezi. Bahasha ina muhuri wa mji wa kaskazini, mbali sana. Mzee Eshmat anasema pale pana hospitali kubwa ya askari. Na barua ya Oktoba ninayo, yenye mstari wa Yuldash chini, nimeziweka hizi mbili pamoja mezani. Mwandiko huu si wake. Tena Yuldash ninayemjua mimi hawezi kuandika barua nzima bila kuwatukana watu wa milimani. Nimeitafuta dhihaka yake mistari yote sita sikuiona, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko muhuri.

Mwezi ujao nasia mbegu. Nimebakiwa na tunda lile moja lililonusurika kwa ami yako, mbegu arobaini na tatu. Mkate wako uko ukutani salama.

Mama yako


17 Aprili 1985

Mama,

Samahani kwa mwandiko, naandika juu ya goti ndani ya gari.

Yuldash hayupo. Ilikuwa tarehe tisa Oktoba. Ilikuwa zamu yangu ya maji. Nilikuwa nimechoka, akasema lala, nyanya za Parkent zisife kwa uvivu wa mtu wa Parkent. Akachukua ndoo, jua lilikuwa limezama. Niliposikia mlipuko nilikimbia kumfuata, na wa pili ukaniumiza mimi kidogo. Sasa nimepona.

Wameniachia kutoka jeshini. Sitarudi sasa. Nimepata kazi ya ulinzi wa ghala mji huu huu na kitanda cha kulala. Huku hakuna anayelima nyanya, na ni afadhali. Nikisikia harufu ya majani yake natapika.

Mwambie ami aendelee kukata kachumbari. Na ule mkate uutoe ukutani, uwape kuku.

Mwanao


Sariqsoy, 14 Julai 1985

Mwanangu Hamdam,

Kila barua nimeanza kwa kukuambia sisi wazima, hofu ni kwako. Leo sina hofu kwako. Wewe u hai na unaandika. Hofu iko kwangu, kwamba utakaa kwenye ghala hilo mpaka nife na sitakuona. Nimeona niiseme kwanza nisije nikajizungusha.

Mwandiko wa barua yako ya Aprili ulikuja umelalia nyuma kama uzio uliosukumwa na ng'ombe, na wino umeburutwa kila mstari. Umesema ni goti na gari. Nilichukua kalamu nikaandika jina lako kwa mkono wangu wa kushoto. Likalala vile vile, na wino ukaburutwa vile vile. Nikaita Nazokat, naye akaandika, ikawa ile ile. Basi tulilia siku hiyo, tukamaliza, na sasa unaweza kuacha kunificha. Sikuulizi kimebaki kiasi gani. Nitaona mwenyewe.

Kuhusu Yuldash. Nani aliyesema maji ni jua likishazama? Nenda kaisome barua yangu. Ni mimi, tena niliandika "kamwe." Mbegu ni zangu na saa ni yangu. Kama kuna daftari la lawama kwa ndoo ile, jina langu liko juu ya lako. Niliibeba fikra hiyo wiki tatu mpaka nikashindwa kula, nikasema nitaipeleka inakostahili.

Katikati ya Mei nilipanda basi la kuvuka mlima kwenda Chust, na miche sita mapajani. Sikujua kama nitaitoa au nitarudi nayo. Niliuliza kwenye safu ya wahunzi wa visu, wakanionyesha mlango. Mama yake anaitwa Oyimhon. Nilitoa rambirambi, tukasoma fatiha, halafu nikamwambia yote, sikubakisha kitu. Nikasema, "Mimi ndiye mama wa zile nyanya." Nilikuwa tayari anitoe nje.

Aliinuka. Akafungua sanduku akaleta barua ya mwisho ya mwanawe, ya tarehe nane Oktoba, akampa binti yake aisome kwa sauti. Nimeiomba niinakili, hii hapa neno kwa neno: "Mama, tumekula nyanya za huyu mtu wa Parkent. Asijue kamwe, na Chust nzima isijue, lakini ni tamu kuliko zetu. Tangu nije huku ni jana tu ndiyo nimesahau niko wapi. Tukirudi nitamfuata kwao nichukue mbegu, nitasema nimeziokota njiani."

Kisha Oyimhon akaniambia, "Umekaa na miche yangu mapajani muda wote huo unangoja nini?" Tumeipanda pamoja jioni ile, uani kwao. Yeye ndiye aliyemwagilia. Jua lilikuwa limezama, na sote wawili tulijua, na maji yalitiwa.

Baba wa Yuldash, mhunzi Usta Mirzo, si mtu wa maneno. Alikaa na sisi mpaka akamaliza chai yake. Halafu akasema, "Kuna kisu niliagizwa." Akakileta, kina mpini wa pembe, na makali yake bado hayajanolewa. Akaniuliza, "Mwanao anakata kwa mkono gani?" Hamdam, mimi nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa sauti mbele ya mtu. Nikasema, "Sasa, wa kushoto." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye jiwe, akakinoa kwa upande wa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda mrefu, na hatukumtazama usoni. Kisu hakitolewi bure, kinakata urafiki, unajua. Akasema miche sita inatosha.

Sasa sikia. Ami yako ananiona nimerukwa na akili. Nimepigilia msumari katikati ya ubao wa jikoni, ncha juu. Unaichoma nyanya pale, haikimbii, unakata kwa mkono mmoja. Tangu nyanya za mapema zije najifunga mkono wa kulia nyuma kwa aproni na najifunza kwa wa kushoto, kwa kisu cha kawaida, maana kile chako sikigusi. Siku za kwanza nilitoa rojo. Sasa nikilaza kipande juu ya gazeti vichwa vya habari vinasomeka, habari zenyewe bado. Kama mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye mkono mzito ameweza hivyo kwa wiki tatu, kwako wewe sina wasiwasi.

Na mimi nilikudanganya kitu kimoja. Niliandika mkate uko salama. Januari paa lilivuja usiku kucha juu ya mlango ule, asubuhi nikaukuta umelowa na ukungu umeanza pembeni. Nilijifungia chumbani nisionekane. Niliukausha siku mbili kwenye mdomo wa tanuri nikiomba, na ukungu nikaukwangua kwa kucha. Alama za meno yako zipo. Kuku hawaupati, hata ukiniandikia barua kumi.

Mkate umekauka kama tofali, huwezi kuuma hivyo ulivyo. Utauchovya kwenye maji ya kachumbari, yale yanayobaki chini ya bakuli, yenye chumvi na kitunguu. Maji ya nyanya hizi yanalainisha chochote.

Harufu ya majani itakuumiza. Najua. Utatapikia kwenye mfereji, mimi nitakushika paji la uso kama zamani, kisha utanawa.

Tunda la kwanza la shada la pili nimelifunga uzi mwekundu. Si la mbegu. Litakungoja wiki tatu tu.

Mama yako


TELEGRAMU
30 Julai 1985
Kwa: Salomat, Sariqsoy, wilaya ya Parkent

NAFIKA JUMAMOSI. NINA MKONO MMOJA. NAPITIA CHUST KWANZA. USIKATE. MWANAO